Jezi ya Nikos Godas

Ukikaa kijiweni na watu wanaojua mpira, wakitaka kumpima mchezaji watauliza maswali matatu tu. Kafunga mangapi? Kabeba vikombe vingapi? Kaichezea timu ya taifa mara ngapi? Mengine yote kwao ni porojo. Sasa mimi nawaletea mchezaji ambaye ukifungua vitabu vya ligi kuu ya nchi yake, maswali yote matatu yanakujibu sifuri, na bado nadai kwamba hakuna Mgiriki wa zama zake aliyeivaa jezi kwa uzito kama alivyoivaa yeye. Jina lake Nikos Godas, mchezaji wa Olympiacos ya Piraeus. Aliuawa kwa kupigwa risasi tarehe 19 Novemba 1948, akiwa na miaka 27, na asubuhi hiyo alikuwa amevaa jezi ya timu yake.

Watu wengi wakisimulia habari zake huanzia hapo kwenye risasi na kuishia hapohapo. Machozi mawili matatu, basi, yamekwisha. Mimi naona tukifanya hivyo tunamuua mara ya pili, maana tunamgeuza picha ya ukutani wakati alikuwa kijana mwenye mtaa wake, njaa yake na miguu yake ya kupiga mpira. Tena hatutaelewa kwa nini mtu anayekwenda kufa aombe jezi ya klabu, wakati wengi waliouawa Ugiriki miaka ile walikwenda wakiimba na kupaza sauti kwa jina la chama chao. Swali hilo ndilo lililonifanya niandike. Kulijibu inabidi turudi nyuma, mpaka mwaka aliozaliwa.

MTOTO WA WAKIMBIZI

Godas alizaliwa mwaka 1921 Ayvalık, mji wa pwani ya Asia Ndogo ambao leo uko Uturuki. Wagiriki waliuita Kydonies, na walikuwa wameishi humo kwa vizazi na vizazi, wakitegemea mizeituni na mafuta yake. Ng'ambo ya maji kipo kisiwa cha Lesbos, ambacho ni cha Ugiriki. Kumbe maji hayo membamba yalikuwa yanangoja kuwa mpaka wa dunia mbili.

Mwaka huo Ugiriki na Uturuki zilikuwa vitani. Jeshi la Ugiriki lilikuwa limetua Smyrna, ambayo leo ni Izmir, mwaka 1919, likajitosa ndani kabisa ya nchi, na Agosti 1922 likavunjwa vibaya. Septemba Smyrna ikateketea kwa moto. Kule Ayvalık wanaume wenye nguvu walizuiwa na kupelekwa bara kwenye vikosi vya kazi za shuruba, ambako wengi walikufa. Wanawake, watoto na wazee ndio walioachwa wapande meli. Mwandishi Elias Venezis, mzaliwa wa mji huohuo, alichukuliwa akiwa na miaka 18 hivi. Akapona, na baadaye akaandika kitabu ambacho jina lake ni namba aliyopewa utumwani: 31328. Namtaja makusudi, ndugu zangu wa kalamu. Mji mdogo mmoja ulitoa mtu aliyeyaandika maisha yake mwenyewe, na ukatoa mwingine ambaye maisha yake inabidi yaandikwe na wengine.

Mwaka 1923, huko Lausanne, wakubwa wakaweka muhuri. Wakristo wa Uturuki waende Ugiriki, Waislamu wa Ugiriki waende Uturuki, wapende wasipende. Waliosamehewa ni Wagiriki wa Istanbul na Waislamu wa Thrace ya Magharibi. Zaidi ya watu milioni 1 wakaingia katika nchi iliyokuwa na watu wapatao milioni 5. Hebu pigeni hesabu wenyewe: katika kila nyumba ya watu watano, mgeni mmoja anaingia, hana godoro, hana sufuria, hana kazi.

Familia ya Godas ilipitia Lesbos, ikaishia Kokkinia, kitongoji cha wakimbizi pembeni ya bandari ya Piraeus. Jina lenyewe limebeba neno la Kigiriki la rangi nyekundu. Maisha yalikuwa ya vyumba vidogo na foleni za maji. Wala wenyeji hawakuwapokea wageni hao kwa vigelegele. Waliwatukana "mbegu za Waturuki." Jamani! Uturuki walifukuzwa kwa kosa la kuwa Wagiriki, na Ugiriki wakasimangwa kwamba ni Waturuki. Mtoto aliyekulia katika matusi hayo lazima atafute mahali pengine pa kujibandika.

Wakimbizi wengi walijibandika kwenye mpira. AEK ya Athens iliundwa mwaka 1924 na watu waliotoka Istanbul, na PAOK ya Thessaloniki ikafuata mwaka 1926. Panionios na Apollon zilikuwa klabu za Smyrna, zikabebwa na watu wake kama mtu abebavyo sanduku lake. Olympiacos ilikuwa na asili tofauti. Ilizaliwa tarehe 10 Machi 1925 katika mji wa bandari, na mashabiki wake walikuwa mabaharia, makuli, wavuvi na watu wa viwandani. Rangi zake nyekundu na nyeupe. Safu yake ya mbele ya mwanzo ilikuwa na ndugu watano wa tumbo moja, wana wa Andrianopoulos. Wakimbizi wa Piraeus walifanya kazi palepale bandarini na viwandani, na timu ya bandari ikawa yao pia.

Na timu yenyewe ilikuwa moto. Kati ya 1931 na 1938 Olympiacos ilitwaa ubingwa wa Ugiriki mara 6. Miaka hiyo Godas alikuwa anatoka kwenye utoto wa miaka kumi kuingia ujana wa miaka kumi na saba. Nyumbani kwa timu palikuwa Neo Faliro, kwenye uwanja uliojengwa kwa ajili ya mbio za baiskeli za Olimpiki ya 1896. Kutoka Kokkinia mpaka pale mtoto mwenye hamu haombi nauli, anatembea. Wewe uliyewahi kupanda mti au ukuta ili uione timu yako bila tiketi, huhitaji niendelee.

MPIRA WAKATI WA NJAA

Tarehe 28 Oktoba 1940 Italia ikaivamia Ugiriki kupitia Albania. Wachezaji wakavua njumu wakavaa buti za jeshi. Mimis Pierrakos wa Panathinaikos alikufa vitani huko Albania mwezi uliofuata, na jina lake likabaki kwenye midomo ya mashabiki. Waitalia walirudishwa nyuma, lakini Aprili 1941 Wajerumani wakashuka, na tarehe 27 mwezi huo bendera yao ikapandishwa juu ya Akropolis ya Athens.

Hapa naomba msomaji asimame kidogo, maana ndipo penye fumbo la Godas. Bingwa wa Ugiriki wa mwaka 1940 alikuwa AEK. Bingwa aliyefuata alikuwa Aris wa Thessaloniki, mwaka 1946. Katikati pametupu. Ukitazama orodha ya mabingwa utaona jina, jina, jina, halafu pengo, halafu jina tena. Timu ya taifa nayo ilikuwa hivyohivyo: kati ya 1938 na 1948 haikucheza mechi rasmi hata moja. Basi Nikos Godas aliichezea Olympiacos ndani ya pengo hilo. Ujana wake wa mpira, ile miaka ambayo mguu una kasi na pumzi haikatiki, uliangukia palepale ambapo karani wa ligi alikuwa ameweka kalamu chini. Ndiyo maana sifuri zake tatu hazitupi habari ya uwezo wake.

Na ulikuwa mpira wa namna gani huo? Majira ya baridi ya 1941 kuingia 1942 njaa iliingia Athens na Piraeus. Wavamizi walikuwa wamechukua chakula, na Waingereza walikuwa wameziba njia za baharini. Watu walikufa kwa makumi ya maelfu. Mikokoteni ya manispaa ilipita asubuhi kuzoa maiti barabarani. Zipo familia zilizozika wafu wao kwa siri bila kuandikisha kifo, ili zibaki na kadi ya mgao ya marehemu. Moja ya misaada ya kwanza ililetwa na meli ya Uturuki, Kurtuluş, ambayo ilizama Januari 1942 ikiwa njiani kwenda Piraeus. Hebu fikirini: chakula kikatoka katika nchi ileile ambayo watu wa Kokkinia walikuwa wameikimbia miaka 20 nyuma.

Katika hali hiyo vijana bado walicheza. Mechi zilikuwa za kirafiki, na nyingine za kuchangisha fedha. Hapakuwa na mshahara, maana mpira wa Ugiriki ulikuwa wa ridhaa, na haukuwa wa kulipwa rasmi mpaka mwaka 1979. Sahani ya chakula baada ya mechi ilikuwa na thamani kuliko medali. Mtu atauliza, sasa mtu mwenye njaa anakimbilia nini dakika 90? Mimi nafikiri jibu liko jukwaani. Mikutano ilikuwa imepigwa marufuku, na mtaani mtu aliongea kwa kunong'ona. Uwanja wa mpira ulikuwa mahali pachache ambapo maelfu waliweza kukaa pamoja na kupiga kelele kwa sauti moja bila kuulizwa kibali. Walioshangilia bao walikuwa pia wanapima ukubwa wa sauti yao.

KAPTENI

Tarehe 27 Septemba 1941 iliundwa EAM, umoja wa ukombozi uliokuwa na wakomunisti katikati yake, na mwaka 1942 likaanza jeshi lake, ELAS. Vitongoji vya wakimbizi vilijaza safu zake. Watu waliokwisha kupoteza kila kitu mara moja hawakuwa na mali ya kuwafanya wasite. Wanamichezo nao wakaingia. Spyros Kontoulis, mchezaji wa AEK, aliuawa mwaka 1944 akiwa mikononi mwa Wajerumani. Godas akajiunga, akapanda cheo mpaka kuwa kapteni wa ELAS, akiongoza vijana wa mtaa wake. Nakumbusha tu: alikuwa na miaka ishirini na kitu. Umri ambao wengi wetu bado tunaomba nauli nyumbani.

Kokkinia ililipa bei. Machi 1944 yalipiganwa mapigano makali mitaani humo. Tarehe 17 Agosti 1944 kabla jua halijachomoza, Wajerumani na vikosi vya Wagiriki waliowatumikia wakakizunguka kitongoji kizima. Wanaume wakaamriwa kwa vipaza sauti wakusanyike uwanjani. Wakapitishwa wasaliti waliofunikwa nyuso, wakiinua kidole tu. Aliyenyooshewa kidole akatolewa. Makumi ya watu waliuawa kwa risasi kwenye ua wa kiwanda cha mazulia, na maelfu wakapelekwa kambi ya Haidari. Ukuta wa ua ule umehifadhiwa mpaka leo. Wajerumani waliondoka Athens wiki chache baadaye, tarehe 12 Oktoba.

Kama hadithi ingeishia hapo, Godas angerudi uwanjani. Lakini ushindi ulikuwa na wadai wengi. Serikali ilirudi kutoka uhamishoni pamoja na majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Scobie, na ikataka ELAS waweke silaha chini. Tarehe 3 Desemba 1944 polisi wakawafyatulia risasi waandamanaji katikati ya Athens. Yakafuata mapigano ya siku 33 katika Athens na Piraeus, ndege za Waingereza zikishambulia vitongoji ambavyo majuzi tu vilikuwa vinapigana na Wajerumani. Nisimpake mtu asali: upande wa ELAS nao ulikamata mateka kwa maelfu, na wengi waliuawa au walifia njiani katika baridi. Vita vya ndugu ni vita vya ndugu. Godas alipigana ndani ya mapigano hayo, na alikuwa na bunduki mkononi, wala sitaki mtu adhani alikuwa malaika aliyepita hapo na mpira kwapani.

Mkataba wa Varkiza, tarehe 12 Februari 1945, ulimaliza mapigano. Ulitoa msamaha kwa makosa ya kisiasa, lakini ukaacha tundu: makosa ya jinai hayakusamehewa. Kupitia tundu hilo maelfu ya wapiganaji wakavutwa mahakamani wakashtakiwa kama wauaji wa kawaida. Wapo waliowatumikia Wajerumani waliobaki huru, wengine hata na sare mpya. Kapteni Godas akakamatwa, akahukumiwa kifo. Halafu akafungiwa kusubiri.

HUKU NJE MPIRA UNARUDI

Sehemu hii ndiyo inayoniuma kuliko ile ya risasi. Wakati Godas yuko gerezani, ligi ilirudi. Mwaka 1947 bingwa wa Ugiriki alikuwa nani? Olympiacos. Mwaka 1948? Olympiacos tena. Giannis Vazos, mfungaji mkubwa wa kizazi chao, bado alikuwemo kikosini. Amejitokeza pia beki mmoja kijana wa Piraeus, Andreas Mouratis, mgumu kama gogo la mninga, na mashabiki wakampachika jina la "Missouri," kwa kuwa manowari ya Marekani yenye jina hilo ilitia nanga Piraeus Aprili 1946 na watu wakaishangaa. Angalia mambo ya dunia. Bandari ileile, jezi ileile: mchezaji mmoja anaitwa kwa jina la meli ya kivita ya Wamarekani, na mwenzake anangoja kupigwa risasi na serikali ambayo Marekani hiyohiyo, tangu mwaka 1947, ilikuwa inaipa fedha na silaha.

Timu ya taifa nayo ikafufuka. Aprili 1948, Athens, mechi yake ya kwanza rasmi baada ya miaka kumi, na mpinzani wake alikuwa Uturuki. Wagiriki walifungwa 3 kwa 1. Ndani ya jezi ya Uturuki alikuwemo Lefter Küçükandonyadis, kijana wa Kigiriki wa Istanbul, mmoja wa wale ambao Lausanne iliwasamehe. Alikuja kuwa mmoja wa magwiji wakubwa wa soka la Uturuki. Yaani Mgiriki aliyebaki kule alivaa jezi ya Uturuki mbele ya Wagiriki, na Mgiriki aliyefukuzwa kule alikuwa kwenye selo ya Ugiriki akihesabiwa kuwa msaliti wa taifa. Mtu akiniambia tena kwamba damu ndiyo inayoamua mtu ni wa wapi, nitamtajia majina hayo mawili, kisha ninyamaze.

Wafungwa wa siasa walipewa mlango mmoja wa kutokea. Uliitwa hati ya kutubu. Unaandika kwamba unakikana chama chako na wenzako, unatia sahihi, na hati inasomwa kijijini kwenu au inachapishwa gazetini. Wapo waliosaini wakaokoa shingo, na mimi sithubutu kuwacheka, maana kamba haikuwa shingoni mwangu. Godas hakusaini. Kadiri vita vya wenyewe kwa wenyewe, vilivyoanza 1946, vilivyozidi kuwaka milimani, ndivyo selo za waliohukumiwa zilivyozidi kufunguliwa alfajiri. Desemba 1947 chama cha kikomunisti kikapigwa marufuku kabisa.

LAZARETTO

Mwisho wake ulikuwa Corfu, kisiwa cha magharibi, chenye gereza la tangu enzi ambazo Waingereza walikuwa wakikitawala. Mbele ya mji wa Corfu kuna kisiwa kidogo kinachoitwa Lazaretto. Tangu enzi za Venice meli zilizoshukiwa kuwa na tauni zilizuiliwa hapo karantini kabla ya kuruhusiwa kuingia bandarini. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe serikali ilikitumia kuulia wafungwa, na ukuta waliosimamishwa mbele yake upo mpaka leo.

Simulizi iliyotufikia ni hii. Godas aliomba mambo mawili: auawe akiwa na jezi ya Olympiacos na bukta nyeupe, na asifungwe kitambaa machoni, ili aione rangi ya timu yake mpaka risasi ya mwisho. Wakamkubalia. Tarehe 19 Novemba 1948 akasimama ukutani kama mchezaji anayengoja kipenga.

Sasa nirudi kwenye swali langu. Kwa nini jezi? Wapo wanaojibu haraka kwamba alikuwa shabiki kupindukia. Hapana, hilo ni jibu la mvivu. Shabiki kupindukia angesaini ile hati, angetoka, na Jumapili inayofuata angekuwa Neo Faliro akiwatazama kina Vazos. Wengine watasema mpira ulikuwa mapumziko yake, siasa ndiyo ilikuwa kazi. Hilo nalo silikubali, maana mtu haombi kufa na nguo ya mapumziko.

Mimi naona hivi. Tazameni karatasi zote alizowahi kuandikiwa mtu huyu. Ya kwanza ilimwandika mkimbizi. Ya pili ilimwandika jambazi, maana mpaka mwaka 1989 serikali ya Ugiriki iliviita vita vile rasmi "vita vya majambazi." Ya tatu ilikuwa hukumu ya kifo. Ya nne ilikuwa ile hati ya kutubu, na walitaka aiandike yeye mwenyewe. Kila karatasi ilikuja na mtu wa kumwambia wewe ni nani. Jezi peke yake aliipata kwa miguu yake, mbele ya watu wa mtaa wake, katika miaka ambayo hapakuwa na kikombe wala posho ya kumvuta. Pale ukutani wale askari walikuwa wameletwa kumpiga risasi jambazi. Alichokifanya Godas ni kuwalazimisha wamwone mtu wa Piraeus. Sijui hata mmoja wao alikuwa shabiki wa timu gani, lakini lazima rangi zile walizijua, maana hakuna kijana wa Kigiriki asiyezijua. Kwa hiyo alikataa kitambaa cha macho, na kwa ile jezi akahakikisha kwamba wao nao hawakufungwa macho.

Baada ya hapo ikaja miaka ya kimya. Vita vilikwisha 1949 kwa ushindi wa serikali. Kwa miaka mingi, Mgiriki aliyetaka kazi ya serikali au hata leseni alidaiwa cheti cha polisi cha kuthibitisha kwamba fikra zake ni safi, na ndugu wa waliouawa walijua kwamba jina la ukoo linatosha kumharibia mtoto maisha. Katika hali hiyo nani angehifadhi picha za timu, nani angesimulia mechi za mwaka 1943 mbele ya wageni? Pengo la kwanza katika habari za Godas lililetwa na vita vilivyosimamisha ligi. La pili lililetwa na woga, na hilo lilidumu zaidi. Chama kilihalalishwa tena 1974 baada ya utawala wa kijeshi kuanguka. Mwaka 1982 sheria ikawatambua wapiganaji wa EAM na ELAS kuwa wapigania uhuru wa taifa. Mwaka 1989 sheria nyingine ikafuta jina la "majambazi," na mafaili ya polisi yaliyohifadhi umbeya wa nusu karne yakachomwa moto. Wengine walishangilia moto huo. Mimi mpenda historia nauonea wivu na uchungu kwa pamoja, maana kwenye faili za adui mara nyingine ndimo ulimobaki mwendo wa mtu.

Olympiacos yenyewe imekuwa klabu kubwa, na leo iko mikononi mwa tajiri wa meli. Tarehe 29 Mei 2024 ilishinda Konferensi Ligi kwa kuifunga Fiorentina ya Italia bao 1 kwa 0 katika muda wa nyongeza, kikombe cha kwanza cha Ulaya kwa klabu yoyote ya Ugiriki. Mfungaji alikuwa Mwafrika, Ayoub El Kaabi wa Morocco. Na fainali ilichezwa kwenye uwanja wa AEK, katika kitongoji cha Nea Filadelfeia, nacho kilijengwa na wakimbizi wa 1922. Watakwimu wameshaiandika dakika ya bao hilo: ya 116. Haitapotea kamwe.

Ndiyo maana nawaambia vijana wenzangu mnaotaka kuandika historia: dakika ya 116 ina wenyewe. Waandishi wa kuigombea ni wengi. Chukueni orodha yoyote ya mabingwa, ya nchi yoyote, mtafute mwaka ambao umeachwa wazi, penye mstari mfupi tu au neno "haikuchezwa." Kisha nendeni mkaulize wazee, mapema, kabla hawajaondoka: mwaka huo, nani alikuwa anacheza?